Mlango wa Saa Tatu na Nusu

Kwa jina la Mola twafungua, aliyezishika saa mkononi Mwake kabla binadamu hajazitundika ukutani, amtoaye aliye hai katika giza la tumbo, awe mtoto wa mtu au wa mnyama. Sala na salamu ziwafikie wateule Wake, ambao walipoahidi walitimiza. Nasi twamwomba auchunge ulimi, kwani habari hii yote ilizaliwa na ulimi uliotangulia akili.

Kisha tuwapange watu mahali pao.

Wa kwanza ni Lavonne Kostelecky, mjane, mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari ya Kaldor, mji mdogo wa wafuga ng'ombe magharibi ya Dakota Kaskazini. Alikuwa amewafundisha wazazi kabla ya kuwafundisha watoto wao, na sauti yake haikuwahi kupanda kupita kiasi cha kusikika. Vipindi vyake vyote vilikuwa vya shule, isipokuwa kimoja. Katika hicho kimoja, ndani ya chumba kilekile na mbele ya ubao uleule, alikuwa mwalimu wa chuo. Chuo chenyewe kilikuwa mbali, nyuma ya mabonde na mito, lakini kilimpa idhini ya kufundisha aljebra yake hapohapo Kaldor, na mwanafunzi aliyefaulu alihesabiwa kuwa amekwisha kulisoma somo hilo chuoni kabla hajalivaa joho la kumaliza sekondari. Kwa ajili ya idhini hiyo Lavonne alirudi kusoma akiwa na mvi, kila likizo ya joto, mpaka chuo kiliporidhika naye. Aliishika kama mtu ashikavyo amana.

Wa pili ni Tressa Hauck, binti wa mwaka wa mwisho. Baba yake, Leland, alikuwa ameanguka kutoka juu ya trekta akavunjika nyonga, na tangu hapo ng'ombe wote walikuwa mikononi mwa binti. Tressa alitaka kuwa mtabibu wa mifugo. Chuo kilimwekea nafasi katika darasa la utabibu, ila kwa sharti: awe ameipita aljebra kabla Mei haijaisha. Asipoipita, nafasi itakwenda kwa mwingine, naye atangoja mwaka mzima.

Wa tatu ni Colby Frohlich, kijana wa maneno mengi na moyo mweupe. Wa nne ni Janae Dukart, msichana aliyeandika polepole kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe, na aliyeona haya hata kuomba dirisha lifungwe. Wengine wanne walikuwamo darasani, watoto wema. Wa mwisho ni Profesa Alden Thorsgard, mwakilishi wa chuo, aliyekuja kila mwaka kushuhudia mtihani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni haina uso.

Jioni ya kuamkia mtihani, Lavonne alikutana na Tressa dukani, mbele ya majokofu ya maziwa.

"Bi. Kostelecky," msichana alimwita, akiwa na mfuko wa mkate kwapani. "Nina mtamba mmoja hajatulia. Anazunguka tu, mkia juu. Mimba yake ya kwanza. Akianza alfajiri, nitachelewa."

"Baba hawezi kumwangalia?"

"Baba? Na nyonga ile? Hata kahawa anapelekewa kitandani, halafu analalamika imepoa."

Lavonne alicheka. "Basi nenda kamzalishe mtamba wako. Ukichelewa, tutakungoja. Tangu lini mtoto wa Kaldor akaangushwa na ndama?"

"Kweli, Mwalimu?"

"Nimeshasema."

Tressa akashusha pumzi, akaenda zake.

Ndivyo ilivyokuwa ada ya mji ule. Katika miezi ya ng'ombe kuzaa, mitihani ya shule ilisogezwa bila mtu kuombwa radhi. Mlango uliachwa wazi, watoto wakaingia saa yoyote, mikono ya makoti ikinuka damu na maziwa ya kwanza, wakakaa, wakapewa karatasi. Neno la "tutakungoja" Lavonne alikuwa amelitamka kila mwaka wa ualimu wake, na jioni ile lilitoka lenyewe kama litokavyo neno la "karibu" mgeni akibisha hodi. Hakukumbuka kwamba mtihani wa kesho haukuwa wa Kaldor.

Asubuhi theluji ilianguka, nzito na yenye maji, theluji ya Mei isiyokaa ila huharibu njia. Profesa Thorsgard, aliyelala katika hoteli ya barabara kuu, aliingia akipangusa miwani. Akaiweka bahasha ya mtihani juu ya meza, akasimama mbele ya wanafunzi sita na kiti kimoja kitupu, akasoma masharti kama alivyoyasoma kila mwaka.

"Muda wa mtihani ni saa mbili na nusu. Karatasi zote ziwe mkononi mwangu saa sita kamili, hapa na katika kila shule inayofanya mtihani huu leo. Bahasha ikishakatwa, haingii mtu."

Maneno hayo Lavonne alikuwa akiyasikia miaka yote kama mtu asikiavyo adhana ya mji wa jirani: anajua ni wito, lakini hajui kwamba unamwita yeye. Leo yalimwita. Alikitazama kiti kitupu, akayakumbuka maneno yake ya dukani.

Ilikuwa saa tatu.

Akamkaribia mgeni, akamwambia kwa sauti ya chini, "Profesa, mmoja hajafika. Twaweza kungoja?"

Profesa aliitazama saa ya ukutani. "Mnayo nusu saa ya ziada, na hiyo ni yenu. Mkikata bahasha saa tatu na nusu, bado watapata muda wao kamili. Ikipita hapo, kila dakika utakayongoja utakuwa unawatoa hawa wengine mfukoni."

"Nimekuelewa."

"Anajua kwamba anachelewa?"

Lavonne aliichukua simu yake. Akatoka nayo hadi ukumbi wa nje ya darasa.

Simu ya Tressa haikuita. Zizini kwa Hauck mawasiliano hayakufika, kila mtu alilijua hilo. Akapiga ya nyumbani. Iliita, ikaita, kisha sauti nzito ikaitika.

"Leland, ni mimi, Lavonne. Tressa yuko wapi?"

"Zizini, tangu alfajiri. Ndama amekuja kinyume, miguu ya nyuma imetangulia. Binti yangu ana kazi huko." Akakohoa. "Kwani kuna nini? Si ulimwambia mtamngoja?"

"Nilimwambia. Nilikosea, Leland. Mtihani huu ni wa chuo. Mlango unafungwa saa tatu na nusu."

"Lavonne, unanitania."

"Laiti ingekuwa utani."

"Hao watu wa chuo hawajui mtamba ni nini? Wanadhani maziwa yanatoka wapi, bombani?"

"Leland, nisikilize. Kuna mtu wa kumfikishia habari?"

"Kuna mimi." Kikasikika kishindo, na mti ukigonga sakafu. "Niko na magongo yangu. Ukisikia nimekufa kwenye theluji, waambie wanizike na mtihani."

Simu ikakatika.

Aliporudi darasani, wanafunzi wote waliinua nyuso. Colby ndiye aliyesema kwanza, maana ukimya ulimwasha kama upupu.

"Ndama amekaa vibaya, eh? Nilijua. Mtamba wa Hauck mkaidi kama Hauck mwenyewe."

Mmoja akacheka, kisha akajuta. Theluji ilipiga vioo.

"Baba yangu yuko barabarani na gari la kusukuma theluji," Colby aliendelea. "Nimpigie asafishe njia ya kwa Hauck?"

"Mpigie," alisema Lavonne.

Colby akapiga palepale. "Baba, acha barabara kuu. Ndiyo, acha! Nenda kwa akina Tressa… Kaunti itasema nini? Waambie mimi ndiye niliyekuagiza, wanitoze mimi." Akaiweka simu. "Anakwenda. Ananung'unika, lakini anakwenda."

Lavonne akasimama nyuma ya meza. Bahasha ilikuwa mbele yake, mkasi pembeni. Mkono wa saa ulikuwa ukishuka. Moyoni alianza kuihesabu njia: Leland na magongo mpaka zizini, kisha ndama mwenyewe, kisha mabonde mawili, kisha daraja. Kila alipoihesabu, hesabu ilikataa. Alikuwa amewafundisha watu wa mji huu kutafuta kisichojulikana kwa kutumia vinavyojulikana, na sasa vyote alivijua, na jibu hakulitaka.

Robo saa ikapita. Hakuna gari.

Ilipokaribia nusu, Colby alisimama. Safari hii hakuwa akitania.

"Mwalimu, usikate. Tumngoje. Mimi mtihani huu nitaumaliza mapema tu, chukueni dakika zangu."

"Na zangu," akasema mwingine.

"Hata mimi. Angekuwa mmoja wetu, Tressa angengoja."

"Si ndiyo desturi?" Colby alimgeukia Profesa. "Profesa, si ni dakika zetu? Tukitaka kuzitoa sadaka je?"

Profesa Thorsgard alifunga kalamu yake. "Anayesimamia chumba hiki ni Bi. Kostelecky. Akingoja, sitamzuia. Mimi nitazikusanya karatasi saa sita, basi."

Wote wakamtazama Lavonne. Watano walikuwa wameinua vichwa, nyuso zao zikiwaka kwa wema. Wa sita alikuwa ameinamisha chake. Janae Dukart alikuwa ameishika kalamu kwa mikono miwili, na vidole vyake vilikuwa vyeupe.

"Na Janae?" Colby aliuliza kwa furaha. "Janae naye anakubali. Eti, Janae?"

Msichana akafungua kinywa. Akawatazama wenzake, akalitazama dirisha. "Sawa," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayejibu kutoka chumba kingine. "Mimi sawa tu."

Hapo ndipo Lavonne alipoonja uchungu wa jambo lile mpaka chini. Alimjua Janae. Mwaka mzima alikuwa akimwona akivuka maswali jiwe kwa jiwe, bila kuteleza, akifika ng'ambo mwenzake wa mwisho alipokwisha kutoka. Mpe muda kamili, atafika. Mnyang'anye dakika kumi, maji yatamchukua. Naye asingesema, si leo, si mbele ya nyuso zile. Wema wa watano ungekuwa wizi kwa mmoja, na mwizi angekuwa Lavonne. Ahadi ilikuwa yake. Dakika zilikuwa za watoto.

"Keti, Colby," alisema.

"Mwalimu!"

"Keti, mwanangu."

Saa ya ukutani ikafika nusu. Akauchukua mkasi. Akakata. Sauti ya karatasi ikikatwa ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyeikosa.

"Anzeni."

Walikuwa hawajaufikia hata ukurasa wa pili pale taa za njano zilipomulika dirishani. Gari la theluji lilisimama nje likivuma. Hatua zikaja mbio ukumbini, viatu vya mpira vikipiga sakafu, na uso wa Tressa ukatokea kwenye kioo cha mlango: nywele zimelowa, damu iliyokauka shingoni, koti limefungwa kombo. Alikuwa akitabasamu. Akakishika kitasa.

Lavonne akaenda mlangoni, akatikisa kichwa.

Tressa hakuelewa; alikuwa amechelewa dakika chache tu. Alionyesha saa ya mkononi, akaonyesha kiti chake. Lavonne akatikisa kichwa tena. Tabasamu lile likaondoka taratibu, kama maji yanavyokauka juu ya jiwe. Mkono ukakiachia kitasa. Ndani, kalamu zilikuwa zimesimama zote isipokuwa moja, na Lavonne aligeuka akasema bila kupandisha sauti, "Endeleeni. Muda ni wenu." Kisha akarudi kusimama mahali pake, akasimama mpaka mwisho, ingawa kiti kilikuwapo.

Saa sita karatasi zilikusanywa. Colby alikuwa ameshamaliza zamani, amelaza kichwa mezani. Janae aliandika mpaka kengele ilipolia, na alipoiinua kalamu mstari wa mwisho ulikuwa umefungwa.

Tressa alikuwa ameketi sakafuni ukumbini, mgongo ukutani. Hakuinuka.

"Ndama yu hai," alisema. "Nilidhani ungependa kujua."

"Tressa, kosa ni langu."

"Ulisema mtaningoja."

"Nilisema. Na halikuwa neno langu la kusema."

"Unajua kinachoniuma?" Sauti ya msichana ilipasuka. "Si mlango. Ungeniambia jana 'usithubutu kuchelewa', ningempigia baba yake Colby alfajiri aje amvute ndama yeye. Ningempigia mtu yeyote! Mji mzima ungekuja. Sikumpigia mtu. Nilijiambia, ya nini kuwaamsha watu, Bi. Kostelecky ameshasema."

Mlango ulifunguka nyuma yao, Profesa Thorsgard akatoka na mkoba wake.

"Profesa," Lavonne alimwambia, "andika kwamba mwanafunzi huyu hakuzembea. Mimi nilimwambia atangojwa."

"Nimeshaandika." Aliivua miwani, na bila miwani alionekana amechoka. "Lakini siwezi kumfungulia. Leo hii, katika shule nyingine, kuna mtoto mlango umemfungia kwa sababu ya mama mgonjwa, na hana mtu wa kumsemea." Akamgeukia Tressa. "Agosti chuoni kuna mtihani wa somo zima, ni mgumu kuliko huu. Ukiupita, aljebra itakuwa yako. Nafasi ya utabibu itakuwa imekwisha kutolewa. Hilo sikufichi."

"Asante," alisema Tressa, bila kumtazama. Akajizoa, akaenda. Baba yake Colby alikuwa bado anamngoja nje, injini inanguruma.

Kesho yake alfajiri Lavonne alifika kwa Hauck amevaa viatu vya mpira vya marehemu mumewe, vikubwa kama madau. Leland alimtazama kutoka barazani, amejiegemeza kwenye magongo, mafua yamembana.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kufanya kazi. Msamaha utakuja ukitaka."

"Koleo liko kule."

Akaja kila alfajiri. Siku za mwanzo Tressa hakumsemesha; walilisha, walisafisha, walichota maji, kila mmoja upande wake, na mvuke wa pumzi zao ndio uliokutana. Neno la kwanza lilikuja juma lililofuata, walipokuwa wakimwinua ndama mchanga.

"Bi. Kostelecky, humshiki sikio hivyo. Siyo mtoto wa shule."

"Nimshike wapi?"

"Chini ya kifua. Hivyo. Huoni alivyotulia?"

Ng'ombe walipokwisha kuzaa, mezani palisafishwa, vitabu vikafunguliwa. Majira yote ya joto walisoma jikoni kwa Hauck, Leland akiwakatizia kwa kuuliza kama kuna hesabu ya kumfanya ng'ombe azae mchana. Agosti Tressa alikwenda chuoni, akaupita mtihani ule mgumu. Nafasi yake ilikuwa kwa mtu mwingine. Alikaa Kaldor mwaka mzima akiliangalia shamba, na yale aliyoyakosa hayakurudi. Alipoingia darasa la utabibu, aliingia nyuma ya wenzake. Alimsamehe Lavonne, kwa namna ya watu wa kule, ambao hawalitamki neno hilo bali huanza tena kukuletea mayai.

Darasa jipya la chuo lilipofunguliwa, kijana mmoja aliuliza kwa mzaha, "Na ng'ombe wakizaa siku ya mtihani, Mwalimu? Mtatungoja?"

"Sitakungoja," alijibu Lavonne. "Mlango huu si wangu. Ila niambie mapema, nitamtafuta mtu wa kukaa na ng'ombe wako wewe ukiwa hapa."

Hakika mwaka ule, asubuhi ya mtihani, malori ya majirani yalitoka kabla ya jua, yakaingia shamba baada ya shamba ambalo lilikuwa na mtoto katika darasa lile. Rod Frohlich, baba yake Colby, alikwenda kwa mmoja. Leland Hauck, akichechemea, alikwenda kwa mwingine. Kwa mtoto wa tatu alikwenda Tressa, na begani minyororo yake ya kumvuta ndama anayezaliwa. Saa tatu kamili viti vyote vilikuwa na watu. Lavonne akakata bahasha.

Ewe Mola, waliokwenda mbali kutafuta elimu Wewe ndiwe mlinzi wa njia zao. Waliobaki tunawaombea: wanaobaki na ng'ombe katika baridi ili mwenzao aketi penye joto, na wanaobaki nyuma ya mlango uliofungwa. Wape subira isiyochacha, wape majirani wanaoamka mapema, wape ndimi zisizoahidi wakati usio wao. Uwabariki wao na vizazi vyao na mifugo yao, na kila mlango waubishao uufungue kwa wakati wake. Amina.